Maiti hakunji ngumi

Juzi usiku msomaji mmoja wa Tabata ameniandikia: "Dada, huu mwaka wa pili nafanya yoga. Mgongo umepona, mwili umelainika, ila moyo bado una kinyongo. Huko kujisalimisha unakokusema mbona mimi hakunijii?" Nimeurudia ujumbe wake mara tatu. Miaka minne iliyopita ningeweza kuuandika mimi.

Mnaonisoma siku nyingi mnaijua habari ya fremu yangu ya Sinza: vitenge, mitandio, magauni ya kushona. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki niliyekula naye sahani moja tangu sekondari. Siku ya kulipa kodi ya miezi sita nikakuta akaunti imebaki na shilingi 14,000, na simu yake haipatikani. Mpaka leo hajaniomba radhi. Hapa ninapoandika kifua kinabana.

Mgongo ukaanza kuniuma, usingizi ukakata. Jirani akanipeleka kwenye darasa la yoga ufukweni Coco, Jumamosi asubuhi, jua ndiyo kwanza linatoka baharini. Miezi ya mwanzo siisimulii, ni kuinama na kutoka jasho tu. Nilikuwa hodari, nalisema hilo bila haya. Mwezi wa tano nilisimama kwa kichwa, wenzangu wakapiga makofi. Nikirudi nyumbani, moyo ni ule ule.

Sasa kuna shavasana, ule mkao wa mwisho wa kulala chali. Shava kwa Kisanskriti ni maiti. Asubuhi moja nimelala hivyo, macho nimefumba, mwalimu akaja akachuchumaa kando yangu. Ni mama wa Kihindi, mzaliwa wa Upanga, Kiswahili chake cha hapa hapa mjini. Akanigusa mkono, akaninong'oneza: "Binti yangu, maiti hakunji ngumi."

Nikafungua. Kila kiganja kilikuwa na alama nne za kucha, nyekundu, moja imechubuka. Miezi mitano nilikuwa nalala pale na ngumi mbili, sijui.

Baada ya darasa akanikalisha. Akaniambia kwamba katika mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, kuna nidhamu tano za nafsi: usafi, kuridhika, jitihada, kujisoma, na ya tano ishvara pranidhana, yaani kujikabidhi kwa Bwana. Huyo Bwana hakutajwa jina. "Wewe unamwita nani?" Nikamjibu, Mwenyezi Mungu. "Basi mkabidhi huyo."

Najua wapo watakaosema hii ni shirki. Mimi ni mtoto wa Ilala, nimesoma madrasa, swala tano zangu sijazigusa wala siimbi mantra ya mtu. Lakini neno tawakali, yaani kumwachia Mungu mambo yako, nililikariri tangu utotoni, na mwili wangu haukuwahi kulisikia. Jumamosi iliyofuata, kwenye balasana, ule mkao wa kupiga magoti na kuinama kama mtoto, paji la uso likiwa kwenye mkeka na mchanga unaukwaruza kwa chini, nikageuza viganja juu. Nikamtaja yule rafiki kwa jina lake. Nikasema, ya Rabbi, ile kesi ni yako, mimi nimeichoka. Nikalia mpaka mkeka ukalowa.

Hayakuisha siku hiyo, mdogo wangu, nisikudanganye. Lakini usingizi ulirudi.

Kwa hiyo anza na viganja. Kabla hujafumba macho, viangalie. Kisha taya, maana nalo hukaza bila wewe kujua. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko uliyoingiza, na kila ikitoka, achia kitu kimoja. Kitaje. Usiseme "naachia yote", yote ni mengi mno. Na usihesabu miaka. Jamani, tumeshikilia mno mji huu! Tunaamka na madeni ya watu vifuani, tunapanda nayo mwendokasi, tunalala nayo, halafu tunamwomba Mungu atujaze mikono ambayo hatujaifungua. Mwachieni. Anajua kuhukumu kuliko nyinyi.

Jumamosi ukipata nauli, njoo utandike mkeka karibu na wangu. Wiki iliyopita nilipolala, kiganja cha kulia kilikuwa wazi. Cha kushoto nilikikuta kimekunjwa tena, nikakifungua kidole kimoja kimoja.