Unakuja Louisville? Anzia mtoni

Juzi dada mmoja kanitumia meseji: "Kaka, mume wangu kapata kazi Louisville, tunahama mwezi ujao, ila kila mtu anatuambia huko Kentucky ni mashambani tu, tutakufa na upweke. Kweli kuna cha kuona?" Nimeshamjibu, lakini naandika na hapa maana swali hili naulizwa kila mara na linaniuma. Kuna ndugu yangu wa damu alikuja kunitembelea kutoka Dallas, akakaa sebuleni na simu wikendi nzima, kila nikimwambia twende anasema baadaye, karudi kwake katangazia ukoo mzima kwamba Louisville hakuna kitu. Hujatoka hata nje, umejuaje?

Upweke kwanza tuuweke pembeni. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, na hapa nimekutana na watu wa Uvira, wa Fizi, wa Bukavu kule Congo, Kiswahili utakisikia dukani na kanisani.

Sasa ushauri: anzia mtoni. Jiji lote limetokana na mto Ohio, maana hapa maji yalikuwa yanaporomoka kwenye miamba, boti zikifika lazima zisimame mizigo ishushwe, ndiyo maana mwaka 1778 George Rogers Clark akaweka makazi hapa. Nenda Waterfront Park halafu panda daraja la Big Four. Lilijengwa 1895, la treni, miaka ya 1960 inaisha treni zikaacha kupita, wakabomoa sehemu za kupandia huku na huku, likabaki juu ya maji peke yake mpaka watu wakaliita daraja lisiloenda popote. Mwaka 2013 wakalifungua kwa waenda kwa miguu, 2014 upande wa pili nao ukaunganishwa, leo unatembea unashukia Jeffersonville, Indiana, jimbo lingine kabisa, na hulipi hata senti. Ukifika katikati simama, shika kile chuma, subiri matishari yapite chini yako, yamefungwa pamoja marefu kweli na boti moja tu inayasukuma kwa nyuma. Mama yangu, ambaye maji kwake ni Ziwa Tanganyika na mengine yote ni vijito, alisimama pale akanyamaza, halafu akasema, "Haya, huu nao ni mto."

Ng'ambo hiyo hiyo ya Indiana kuna hifadhi ya Falls of the Ohio. Nenda mwezi wa nane mpaka wa kumi maji yakishuka, utakanyaga mwamba wenye matumbawe ya bahari iliyokuwa hapo miaka kama milioni 390 iliyopita. Angalia, piga picha, ila usichukue hata kipande, hairuhusiwi.

Halafu bondia Muhammad Ali. Jamani, huyu ni mtoto wa hapa! Kazaliwa Louisville 1942, akiwa na miaka 12 wakamwibia baiskeli, akataka kumpiga mwizi, polisi mmoja akamwambia jifunze kwanza kupigana. Kituo chake, Muhammad Ali Center, kiko katikati ya jiji karibu na mto. Sisi wenye asili ya Congo tuna deni naye, maana baba zetu mpaka leo wanasimulia Kinshasa 1974, mpinzani wake Foreman kaanguka raundi ya nane, uwanja mzima unaimba Ali boma ye, yaani Ali muue. Kaburi lake liko kwenye makaburi ya Cave Hill, nenda kwa heshima.

Churchill Downs, uwanja wa mbio za farasi, pia nenda, hata kama farasi hawakuhusu. Mbio za kwanza za Kentucky Derby, 1875, alishinda Oliver Lewis, mtu mweusi, na kati ya wapanda farasi 15 siku ile 13 walikuwa weusi. Makumbusho yako pale pale. Nilipoisoma habari hiyo nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Na hapa nasema na wazazi wenzangu: toeni watoto nje! Tunafanya shifti za usiku, najua, tumechoka, lakini mtoto anakulia hapa anajua njia ya Walmart tu, halafu akiwa mkubwa anaona aibu kusema kwao Louisville. Daraja ni bure, mto ni bure, hatuna kisingizio. Jumapili baada ya ibada badala ya kurudi kulala pitieni mtoni saa moja tu.

Dada, angalia na tarehe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano ndiyo Derby, hoteli zinapanda bei vibaya mno, kwa hiyo kama mtafikia hotelini epukeni wiki hiyo. Mwezi wa nne kuna Thunder Over Louisville, ndege mchana na fataki usiku juu ya mto. Fikeni mapema na mablanketi na chakula chenu, maana barabara za kwenda mtoni zinafungwa na paking hutaipata.