Programu ya kupanga masomo: kwa nini wanafunzi huiacha baada ya wiki mbili?

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu hapa Nairobi, nasomea teknolojia ya habari. Nimeunda programu ya Android ya kupanga masomo. Mtumiaji anajaza ratiba ya wiki nzima, saa kwa saa, kisha anakumbushwa kila kipindi kinapofika. Wenzangu walioijaribu waliipenda, lakini baada ya wiki mbili karibu wote wakaiacha. Wengine wanalalamika kwamba vikumbusho vinachelewa au haviji kabisa. Natumia WorkManager, maktaba ya Android ya kuendesha kazi za programu nyuma ya pazia. Nianze kurekebisha wapi? Je, niongeze akili unde?

Jibu: Anza na ratiba yenyewe, kisha vikumbusho. Akili unde isubiri, kwa sababu hakuna hata moja kati ya matatizo uliyotaja ambalo ingelitatua.

Ratiba ya saa kwa saa inachukulia kwamba jioni ya Jumatatu itakuwa vile ulivyoipanga Jumapili. Mwanafunzi anayetoka mjini kwenda Kahawa au Juja hana uhakika huo. Mvua ikinyesha, kipindi cha saa moja usiku kinampita akiwa bado kwenye matatu pale Roysambu. Mhadhiri naye anahamisha somo kwa ujumbe wa WhatsApp usiku. Kufikia Alhamisi, programu yako inamwonyesha vipindi vitano vyekundu alivyokosa, na kuanzia hapo imegeuka mdai. Mtu humkwepa mdai, hata kama deni ni la haki.

Tenganisha vitu ambavyo umevichanganya kwenye jedwali moja. Kuna matukio: mhadhara, maabara, CAT (jaribio la katikati ya muhula). Haya yana saa na mahali, na mwanafunzi hana mamlaka nayo. Kisha kuna kazi: kusoma sura, kumaliza zoezi, kurudia maswali ya mitihani ya zamani. Kazi haina saa. Ina tarehe ya mwisho na dakika zilizobaki, basi. Isipofanywa leo, dakika zake zinabaki vilevile na programu inazipanga upya bila kumlaumu mtu. Mwombe mtumiaji jambo moja tu zaidi: kila jioni ana dakika ngapi anazoweza kusoma kweli, akiondoa safari, chakula na uchovu.

Kupanga upya hakuhitaji hesabu ngumu. Tanguliza kazi yenye tarehe ya mwisho iliyo karibu zaidi. J. R. Jackson alithibitisha mwaka 1955 kwamba kwa mfanyakazi mmoja anayefanya kazi moja baada ya nyingine, mpangilio huo ndio unaofanya ucheleweshaji mkubwa kuliko wote uwe mdogo iwezekanavyo. Tuseme mtumiaji ana dakika 90 kila jioni, Jumatatu hadi Alhamisi. Ana zoezi la dakika 60 la kuwasilisha Jumatano asubuhi, na CAT ya takwimu Ijumaa asubuhi inayohitaji dakika 210. Jumla ni 270 kati ya 360 zilizopo, kwa hiyo akiba ni 90. Jumatatu ikipotea yote, bado inawezekana: Jumanne afanye zoezi na dakika 30 za takwimu, Jumatano na Alhamisi amalizie 180 zilizobaki. Lakini akiba sasa ni sifuri. Hiyo akiba ndiyo namba ya kuweka juu kabisa ya skrini. Badala ya "umekosa kipindi", mwambie: "Muda bado unatosha, ila huwezi kupoteza jioni nyingine kabla ya Ijumaa." Huo ni ukweli unaomsaidia kuamua usiku ule ule.

Usiamini makadirio ya mtumiaji moja kwa moja. Katika utafiti wa Buehler, Griffin na Ross wa mwaka 1994, wanafunzi walikadiria kwamba wangemaliza tasnifu zao kwa wastani wa siku 33.9, lakini walitumia 55.5. Hiyo ni zaidi ya mara 1.6. Anza kwa kuzidisha kila kadirio kwa 1.5, kisha kadiri kazi zinavyokamilika, tumia uwiano wa mtumiaji mwenyewe. Mwekee uwiano tofauti kwa kila aina ya kazi, maana anayekadiria vizuri muda wa kusoma anaweza kukosea sana kwenye kuandika programu.

Kipima muda cha dakika 25 na mapumziko ya 5, ile mbinu ya Francesco Cirillo iitwayo Pomodoro, kiweke kama hiari. Chenye manufaa zaidi ni kumfanya mwanafunzi ajiulize maswali badala ya kusoma daftari tena. Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliosoma tena walifanya vizuri zaidi wakipimwa baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo mhadhara ukiisha, programu iunde kazi fupi ya kukumbuka kesho yake na nyingine siku chache baadaye. Ukitumia SM-2, kanuni ya kupanga siku za marudio ambayo huanza na siku 1, kisha 6, halafu hurefusha, hakikisha marudio hayavuki tarehe ya CAT.

Sasa vikumbusho. WorkManager imeundwa kwa kazi zinazoweza kusubiri. Simu ikitulia, hali ya kuokoa betri iitwayo Doze, iliyoanza na Android 6, huziahirisha, na kazi ya kujirudia haiwezi kuwa na kipindi kifupi kuliko dakika 15. Kwa tukio lenye saa kamili tumia AlarmManager, sehemu ya Android inayopanga kengele, kupitia amri ya setExactAndAllowWhileIdle. Tangu Android 12 kuna ruhusa maalumu ya kengele za saa kamili, na kwenye Android 14 programu mpya nyingi hazipewi ruhusa hiyo mpaka mtumiaji aiwashe mwenyewe kwenye mipangilio. Android 13 nayo inataka ruhusa ya arifa. Iombe pale mtumiaji anapoweka CAT yake ya kwanza, kwa sababu hapo anaelewa kwa nini unaihitaji. Ukiiomba programu inapofunguka tu, wengi watakataa. Kengele zote hufutika simu ikizimwa, kwa hiyo sikiliza BOOT_COMPLETED, tangazo la Android kwamba simu imemaliza kuwaka, uzipange tena. Baada ya hayo, jaribu kwenye simu za bei nafuu ambazo wenzako wanazo hasa, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji huua programu zinazoendelea nyuma ya pazia ili kuokoa betri. Kazi zisizo na saa zipe arifa moja tu kwa siku, jioni.

Hifadhi kila kitu kwenye simu, ndani ya hifadhidata ya SQLite, na seva ipate nakala mtandao ukipatikana; bando likiisha, ratiba isipotee. Usiombe mahali mtumiaji alipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inataka ukusanye kile tu unachohitaji, nawe huhitaji hilo.

Jaribio lijalo lifanye wiki za CAT, na ufuatilie jambo moja: mtu akikaa siku tatu bila kuifungua, je, siku ya nne anarudi? Ongea na wale ambao hawakurudi, uwaombe wakuonyeshe skrini ya mwisho waliyoiona.