Maswali na Majibu: Ukumbi wa Rainbow, London

Barua zenu kuhusu Rainbow, ukumbi wa zamani wa muziki ambao sasa ni kanisa, ni nyingi, nami nimechagua zinazogusa mambo ya msingi.

Ni kweli Freddie Mercury aliwahi kupiga Rainbow? (Msomaji, Unguja)

Kweli kabisa, na si mara moja. Queen, bendi yake, walipanda jukwaa lile Machi 1974, wakarudi Novemba 19 na 20 mwaka huohuo. Freddie alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, na familia yake ilihamia Uingereza 1964. Miaka kumi baadaye anaujaza ukumbi ule. Rekodi zimetoka tangu 2014. Zitafute, na usizisikilizie kwenye spika ya simu.

"No Woman, No Cry" ile ya jukwaani ilirekodiwa Rainbow? (Msomaji, Mombasa)

Hapana! Ilirekodiwa Lyceum, ukumbi mwingine wa London, Julai 1975. Bob Marley alipiga Rainbow Juni 1977, na video ipo. Swali hili linaletwa kila mara, na jibu limeandikwa kwenye kasha la santuri. Someni kwanza, ndipo mbishane.

Rainbow hii ndiyo ile ya Hollywood?

Siyo. Ile ni baa, na bendi ya mpiga gitaa Ritchie Blackmore, iitwayo Rainbow, ilichukua jina huko.

Kuna nini hasa cha kuulilia ukumbi huu? Kumbi ziko tele. (Msomaji, Dodoma)

Kumbi za namna ile haziko tele. Ulifunguliwa 1930 kama sinema ya Astoria, Finsbury Park. Ukiingia tu unakutana na chemchemi katikati ya ukumbi wa mbele. Ndani, kuta zimejengwa kama mji wa Kihispania usiku: vibaraza, vigae, vidirisha vinavyowaka taa, na juu dari la buluu lenye nyota. Hapo ndipo Jimi Hendrix alipochoma gitaa lake kwa mara ya kwanza, Machi 31, 1967, akaungua mikono. Bendi ya The Who ilizindua jina la Rainbow Novemba 1971. Ulichukua watu wapatao 3,000, na hiyo ndiyo hoja yangu ya siku zote: katika watu 3,000 mpiga gitaa unamwona vidole. Uwanjani unalipa zaidi, halafu unatazama skrini. Wanaowashawishi kwamba tamasha kubwa ndilo tamasha bora wanauza tiketi tu.

Mwanamuziki Frank Zappa alianguka au alisukumwa?

Alisukumwa. Desemba 10, 1971, mtazamaji alipanda jukwaani akamtupa kwenye shimo la okestra. Alivunjika mguu, akaumia koo, na sauti yake ikashuka moja kwa moja. Ni siku sita tu baada ya vyombo vya bendi yake kuteketea kwenye moto wa kasino ya Montreux, Uswisi. Enyi mnaopenda kurukia jukwaani kumkumbatia msanii, acheni.

Haiumi kuona Rainbow imegeuzwa kanisa? (Msomaji, Nairobi)

Inauma, lakini hasira yenu mnaielekeza kusiko. Muziki ulizimwa Desemba 1981. Jengo lilikuwa limeshawekwa kwenye orodha ya urithi tangu 1974, hivyo halikuweza kubomolewa ovyo, ila sheria haizibi paa linalovuja. Lilidorora zaidi ya miaka kumi, hadi Universal Church of the Kingdom of God walipolichukua 1995 na kulikarabati. Chemchemi ipo, nyota zipo. Wapenzi wa roki tulikuwa na mapenzi mengi, fedha hatukutoa. Nasi tujitazame: Beit el-Ajaib liliporomoka sehemu Desemba 2020, likiwa ndani ya Mji Mkongwe ambao dunia nzima imeutambua kuwa urithi. Sinema ya Majestic pale Vuga nayo ilichakaa mbele ya macho yetu. Kabla ya kuwalaumu waumini wa London, ulizeni bajeti ya ukarabati ya kwetu ni shilingi ngapi na nani anaisimamia.

Naweza kwenda kuliona?

Shuka kituo cha Finsbury Park, njia ya Victoria au Piccadilly ya treni za chini ya ardhi. Liko Seven Sisters Road, mwendo mfupi kwa miguu. Ni nyumba ya ibada, kwa hiyo omba ruhusa mlangoni, na usipige picha watu wakisali.