Branchi ya Marekani na familia: saa ya kufika, namna ya kuagiza, na hesabu ya bili

Mgahawa wa branchi wa Marekani, yaani wa mlo unaounganisha kifungua kinywa na chakula cha mchana, hupokea sehemu kubwa ya wateja wake wa siku ndani ya saa mbili tatu tu. Jumamosi, na zaidi Jumapili, kuna waliochelewa kuamka na kuna waliotoka kanisani, na wote hufika kati ya saa nne na nusu asubuhi na saa saba mchana. Jiko ni lile lile la siku zote, na bamba la kukaangia halikuongezeka. Foleni ndefu, yai lililopoa, viazi vilivyolowa mafuta: karibu kila kero ya branchi chanzo chake ni msongamano huo. Zikwepe saa hizo, au ujue cha kuagiza zikikukuta.

Mwenye watoto wadogo afike saa mbili na nusu, saa tatu hivi asubuhi. Hilo tunalisema bila kusita. Kuna wanaopendelea kwenda saa saba na nusu foleni ikishapungua, lakini migahawa mingi ya aina hii hufunga jiko saa nane au saa tisa alasiri, na wakati huo vyakula vya kuokwa huwa vimeanza kuisha.

Wikendi migahawa mingi haiwekei mtu meza. Huandika majina tu. Baadhi hukuruhusu kujiandikisha kwa simu kabla ya kutoka nyumbani. Kosa la wengi ni kudhani kwamba kujiandikisha kumemaliza kazi. Ukifika lazima ujitambulishe kwa anayepokea wageni mlangoni, na mara nyingi hawakalishi kundi mpaka wote wawepo. Shangazi aliyebaki kutafuta maegesho anaweza kuwapotezea zamu. Mkizidi sita, uliza kama mnaweza kupewa meza mbili zilizo jirani, kwa sababu meza kubwa ni chache na anayezikalia haondoki upesi. Sikukuu ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, pamoja na Pasaka, ni siku za kukaa nyumbani kama huna nafasi uliyowekewa. Ziko sehemu zinazotunza wanaosubiri: Lou Mitchell's ya Chicago, iliyofunguliwa mwaka 1923, ina desturi ya kugawa vidonati vidogo kwa walio kwenye foleni.

Mkishakaa, kahawa huja kwanza, na kwa kawaida ukiilipia mara moja utaongezewa hadi utosheke. Juisi ya machungwa, maziwa na chokoleti ya moto haziendi hivyo. Kila glasi ni bei mpya, na watoto watatu wakinywa mbili mbili bili inapanda kimyakimya. Waagizie watoto maji, na juisi moja kila mmoja. Mpenzi wa chai ajiandae: ataletewa maji ya moto na kifuko cha majani. Majimbo ya Kusini ukisema chai tu, inaweza kuja ya baridi yenye barafu. Mimosa ni juisi ya machungwa iliyochanganywa na mvinyo wa mapovu, na Bloody Mary ni juisi ya nyanya yenye vodka, hata kama pichani vyote vinaonekana kama juisi.

Sasa mayai, kwani hapa ndipo agizo huharibika. Mhudumu atakuuliza unayataka vipi, na anasubiri jibu moja la haraka. "Sunny-side up" ni yai lisilogeuzwa, kiini kibichi juu. "Over easy" limegeuzwa kidogo, ute umeshika, kiini bado kinamwagika. "Over medium" kiini kimeshika nusu, na "over hard" kimeiva kabisa. "Scrambled" ni ya kuvurugwa. "Poached" hupikwa ndani ya maji bila ganda. Mjamzito, mtoto mdogo na mzee waagiziwe yaliyoiva kabisa, maana kiini kibichi kinaweza kubeba bakteria wa salmonella. Tahadhari hiyo huandikwa kwa herufi ndogo chini ya menyu, na wengi hawaisomi.

Mayai ya Benedict yanastahili maelezo ya peke yake. Ni mkate mdogo wa duara uliokatwa nusu na kuchomwa, juu yake kipande cha nyama ya nguruwe, kisha yai la kupikwa majini, kisha mchuzi wa hollandaise, yaani viini vya mayai, siagi na limau. Mchuzi huo ni mgumu kutunza: ukizidishiwa moto siagi hujitenga, ukipoa huganda. Saa za msongamano majiko mengi hupika mayai mapema na kuyapasha tena ndani ya maji ya moto, kwa hiyo kiini ulichotaka kimwagike kinakuja kimekauka. Mlo huu uagize asubuhi mapema tu. Ukikwama katikati ya msongamano, chukua kimanda au mayai ya kuvurugwa, ambayo kwa kawaida hupikwa palepale unapoagiza.

Viazi vya kukwanguliwa, wanavyoviita hash browns, vinahitaji kuachwa kwenye bamba bila kuguswa hadi upande wa chini uwe kahawia na mkavu. Mpishi aliyebanwa huvitoa vikiwa vyeupe na vyenye majimaji katikati. Sema "well done", yaani viive vizuri, unapoagiza, na utaona tofauti.

Kwa asiyekula nguruwe, usiulize tu kilichomo ndani ya sahani. Uliza kinapikwa wapi. Bekoni, viazi, mayai na pankeki mara nyingi hukaangwa kwenye bamba moja, na mafuta ya bekoni hutembea. Kimanda cha Denver kina vipande vya nguruwe ingawa jina halisemi. Mchuzi mweupe unaomwagwa juu ya biskuti laini za Kusini hupikwa kwa soseji ya nguruwe. Grits, uji mzito wa mahindi ambao Mswahili yeyote ataupenda, peke yake hauna tatizo, lakini ukiletwa na kamba kagua, maana mara nyingi hutiwa bekoni au soseji. Hata soseji ya kuku inaweza kufungwa kwenye utumbo wa nguruwe. Bekoni ya bata mzinga haina nguruwe, lakini usidhani ni halali kwa kuchinjwa. Njia iliyo salama zaidi ni mayai ya kupikwa majini bila nyama, uji wa shayiri, matunda, mtindi, au beigo (mkate wa duara wenye tundu) yenye samaki wa salmoni wa kufukizwa. Ukitaka ya kukaanga, omba yapikwe kwenye kikaango cha peke yake. Mgahawa tulivu wa saa mbili asubuhi utakubali, wa saa tano huenda ukakataa, na ni bora ukuambie ukweli.

Mzio nao utajwe kabla ya agizo la kwanza, wala si chakula kikishafika. Mfano mmoja: IHOP, migahawa ya pankeki yenye matawi mengi, hutia unga wa pankeki uliokorogwa ndani ya vimanda vyao ili viumuke, kwa hiyo asiyeweza ngano aombe mayai yanayopasuliwa hapo hapo.

Kiasi cha chakula huwashangaza wageni. Kwa wazazi wawili na watoto wawili, agiza sahani mbili za mayai (kila moja huja na viazi na mkate), rundo moja la pankeki tatu liwekwe katikati, na sahani moja ya watoto. Inatosha, na huenda ikabaki. Menyu ya watoto kwa kawaida ina kikomo cha umri, miaka 10 au 12. Omba siagi na shira viletwe pembeni, la sivyo pankeki ya chini italowa kabla haijaliwa. Shira ya bure mezani mara nyingi ni ya sukari ya mahindi. Ya mti wa mepo huweza kuwa na bei yake. Wafo liliwe kwanza, kwani mvuke wake mwenyewe hulilainisha. Usiagize Dutch Baby kwenye Original Pancake House, mgahawa ulioanzia Portland, Oregon mwaka 1953, kama mtoto analia njaa: ni pankeki ya kuokwa ndani ya tanuri na haiharakishwi. Muagizie mtoto mkate au matunda yatangulie.

Mabaki ni yako. Omba boksi, utaletewa bila mtu kukushangaa.

Kwenye bili, bei ya menyu haina kodi ya mauzo, ambayo hutofautiana kwa jimbo na mji. Oregon kodi hiyo haipo kabisa. Bakshishi ni asilimia 18 hadi 20 ya bei kabla ya kodi. Chakula cha dola 80: asilimia 10 ni dola 8, izidishe mara mbili, dola 16. Iheshimu hesabu hiyo, kwa sababu sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991, ingawa majimbo kama California na Minnesota yanataka alipwe kima cha chini kamili. Kundi la sita au zaidi mara nyingi hukatwa bakshishi moja kwa moja, kwa hiyo soma mstari huo kabla hujaongeza nyingine juu yake. Ukilipa kwa kadi, andika bakshishi na jumla kwenye karatasi kisha utie sahihi. Na kwenye sehemu kama Waffle House, ambako bili hulipwa kaunta, ya mhudumu unaweza kuiacha mezani kwa noti, kwa hiyo beba noti ndogo ndogo.