Barua kwa mwanangu: kayaki mpya au iliyotumika

Mwanangu,

Hapa Nansio, Ukerewe, hatujambo, mama yako anakusalimia sana. Ujumbe wako nimeupata: mgeni mmoja anahama Mwanza na anauza kayaki yake ya plastiki (kile kimtumbwi chembamba cha kupiga kasia), ya miaka sita, kwa nusu ya bei ya mpya. Mpya mpaka uagize Dar es Salaam, na usafiri ulipie wewe. Unauliza uchukue ipi.

Chukua ya huyo mgeni, ila usitoe hela kabla hujaikagua. Ulipokuwa darasa la tatu nilinunua mtumbwi uliotumika, umepakwa rangi ya bluu, unang'aa. Sikuukwangua. Chini ya rangi mbao mbili zilikuwa zimeoza, na siku ya pili tu maji yaliingia tukiwa mbali na nchi kavu. Mimi na baba yako mdogo tuliyachota kwa ndoo mpaka mikono ikafa ganzi.

Mbao zile nilizibadilisha, nikaziba nyufa upya kwa kalafati, nikavua na mtumbwi huo miaka tisa. Plastiki haina huruma hiyo. Gundi haiishiki vizuri. Ikipasuka ni kuiyeyusha na kuziba kwa plastiki ya aina ileile, na kiraka kinabaki dhaifu.

Kwa hiyo muulize kwanza ilikuwa inalala wapi. Ziwa letu la Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, tena karibu na ikweta. Jua la hapa huikausha plastiki ikawa kama ndoo kuukuu inayomeguka mkononi. Linganisha rangi ya juu na ile iliyofichwa chini ya kiti. Kama imepauka sana, iache hata akipunguza bei. Kisha ipindue utazame mkuku, yaani uti wa chini, hasa upande wa tezi, kule nyuma, maana ndiko huburutwa juu ya mawe, na mawe ya Mwanza unayajua. Mikwaruzo si neno. Ogopa ufa kwenye matundu ya skrubu. Mimina ndani ndoo mbili za maji, iinamishe huku na huku, uone nje panalowa wapi.

Jaketi la kujiokolea usinunue lililotumika. Povu lake huchoka bila kuonekana. Nunua jipya, livae kifuani, usiliweke miguuni kama wafanyavyo wenzetu wengi huku.

Jumamosi nakuja na meli ya asubuhi. Mwombe asubiri tuitazame pamoja.

Baba yako