Rangi "sugu" au rangi ya kudumu?

SWALI: Mimi ni fundi rangi, Kisauni. Duka moja mjini limebandika tangazo: "Rangi sugu kwa kuta zako." Mwenzangu asema ni sawa, kwani sugu ni kitu kinachodumu. Mimi naona imekaa vibaya, ila sijui kwa nini.

JIBU: Sikio lako halikukosea. Sugu ni nomino kwanza: ile ngozi inayokuwa nene na ngumu kwa kusuguliwa pale pale kila siku. Kitazame kiganja cha hamali avutaye mkokoteni Marikiti. Chini ya vidole pana vinundu vikavu, na hata ukivifinya hahisi kitu. Hiyo ndiyo sugu.

Kivumishi kimetoka hapo hapo: kitu kilichofanyiwa kila jitihada na bado hakisikii. Mhalifu sugu amefungwa, akatoka, akarudia. Deni sugu limedaiwa halilipwi. Doa sugu limefuliwa mara tatu na bado lipo. Kwa hiyo sugu haipimi muda, yapima ukaidi. Malaria sugu yaweza kuwa ya wiki moja tu. Imeitwa hivyo kwa kuwa vimelea vyake havisikii dawa. Nadhani mwenzako amepotezwa na maradhi sugu, ambayo kweli huchukua miaka, lakini huchukua miaka kwa sababu yamegoma kupona.

Muda hupimwa na kudumu, neno lenye asili ya Kiarabu, shina moja na daima. Boriti za mikoko katika nyumba za Mji wa Kale zimedumu, na hakuna aziitaye boriti sugu, kwa sababu hakuna anayetaka zitoke. Rangi sugu, basi, ni ile iliyomwagika sakafuni ikakataa kung'oka. Tangazo lingesema "rangi ya kudumu", au bora zaidi litaje inachostahimili: "rangi isiyobanduka kwa chumvi wala jua". Mnunuzi wa pwani ataelewa mara moja.

Kisarufi, kivumishi sugu hakipokei viambishi vya ngeli: tatizo sugu, matatizo sugu. "Matatizo masugu" ni kosa.

Nomino dhahania ni usugu, nayo ina mtego wake. Watu husema "usugu wa dawa", ilhali dawa ndiyo iliyoshindwa. Kilicho sugu ni kimelea. Andika "usugu wa vimelea dhidi ya dawa". Ni refu, lakini mgonjwa akilisoma hatadhani kwamba dawa aliyopewa ndiyo yenye nguvu.