Kabla ya Kuchagua Kampuni ya Umeme, Isome Mita Yako

Swali la juma lililoulizwa na jarida ni hili: msomaji huchaguaje kampuni ya kumuuzia umeme wa nyumbani, na ni jambo gani hasa limempunguzia bili? Nimeona nijibu kwa kirefu, kwa kuwa kwa miaka kadhaa nilikuwa na jibu lisilo sahihi na nikalilipia kila mwezi. Naamini sasa kwamba maswali hayo mawili ni swali moja, na kwamba linaanzia kwenye mita, si kwenye matangazo. Mtu asiyejua nyumba yake hutumia uniti ngapi kwa mwezi, na hutumia nyingi saa zipi, hana kipimo cha kupimia bei yoyote anayotajiwa, na atakayemshinda ni yule aliyeandika tarakimu ndogo kwa wino mkubwa.

Kwanza ifahamike ni kitu gani kinachochaguliwa. Norwei ilifungua soko lake la umeme mwaka 1991. Uingereza ikawapa wenye nyumba haki ya kuchagua muuzaji kwa awamu, kuanzia Septemba 1998 hadi Mei 1999. Jimbo la Texas nchini Marekani likafuata Januari 2002, Umoja wa Ulaya ukaifanya haki hiyo kuwa ya kila mwenye nyumba kuanzia Julai 2007, na Japani ikakamilisha hatua hiyo Aprili 2016. Kilichofunguliwa kwa ushindani katika nchi hizo ni uzalishaji na uuzaji. Nguzo, nyaya na transfoma za mtaani ziliachwa mikononi mwa kampuni moja katika kila eneo, inayosimamiwa na mdhibiti, kwa sababu hakuna faida ya kusimamisha safu tatu za nguzo katika barabara moja. Kwa hiyo anayehama kampuni haji kukatiwa waya wala kuunganishiwa mwingine. Umeme unaoingia ndani ni ule ule, na ukikatika, unakatika kwake na kwa jirani yake hata kama wananunua kwa wauzaji tofauti.

Nalisisitiza hili kwa sababu wakala anayebisha hodi na kuahidi umeme wenye nguvu zaidi au usiokatika anauza kitu ambacho kampuni yake haina. Isitoshe, sehemu kubwa ya bili ni gharama za kutumia nyaya hizo pamoja na kodi, na hizo muuzaji huzikusanya tu kwa niaba ya wengine. Ushindani unagusa kipande kilichobaki. Hata mkataba unaotangazwa kuwa wa umeme wa jua au upepo hauleti waya wa pekee kutoka kwenye paneli hadi sebuleni. Kinachofanyika ni muuzaji kuonyesha, kwa vyeti au kwa mikataba ya ununuzi, kwamba kiasi sawa na ulichotumia kimezalishwa kwa njia hiyo na kuingizwa kwenye gridi, yaani mtandao wa pamoja wa nyaya za umeme. Ni jambo jema kwa anayelitaka, mradi ajue analipia nini.

Mimi nilihamia kampuni moja kwa sababu bei yake ya uniti ilikuwa chini kwa moja ya tano kuliko niliyokuwa nikilipa. Sikuuliza ada ya kudumu, ile inayotozwa kila mwezi hata ukizima taa zote ukasafiri. Sikuuliza pia bei ile ingedumu kwa muda gani. Miezi minne ya kwanza mita yangu haikusomwa na mtu, bili zikawa za makadirio, nami nikazilipa nikiziona ndogo. Mwezi wa tano mita iliposomwa, tofauti yote ikaja kwa mkupuo. Mwaka ulipokwisha, mkataba ulijiongeza wenyewe kwa bei ya juu, kwa kuwa barua ya kunijulisha ilikuja na nikaiweka kando bila kuifungua. Nililalamika, nikajibiwa kwa adabu kwamba yote yalikuwa yameandikwa katika mkataba niliotia saini. Yalikuwa yameandikwa kweli.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na umeme ni mali. Tangu wakati huo ninalo daftari dogo lililofungwa kwa kamba kwenye mlango wa kisanduku cha mita, na kila Jumapili asubuhi naandika tarehe na tarakimu zilizomo. Uniti moja ni kilowati-saa moja, yaani kifaa cha wati 1,000 kikiwaka saa nzima. Baada ya majuma manane tu nilikuwa na kitu ambacho hakuna wakala angeweza kunipa: matumizi ya nyumba yangu kwa juma la kawaida, kwa juma la wageni, na kwa juma tulilokuwa safarini.

Ukiwa na tarakimu hiyo, kulinganisha mikataba huwa hesabu ya dakika tano. Tuseme mkataba wa kwanza hauna ada ya kudumu, na wa pili una ada ya mwezi inayolingana na bei ya uniti 30 za mkataba wa kwanza, lakini kila uniti yake ni nafuu kwa moja ya tano. Nafuu hiyo inaifidia ada pale tu matumizi yanapofika uniti 150 kwa mwezi. Nyumba inayotumia uniti 90 italipa katika mkataba wa pili kiasi cha kununulia uniti 102 katika ule wa kwanza, kwa hiyo imepata hasara. Nyumba inayotumia uniti 300 italipa kiasi cha uniti 270, nayo imefaidika. Mkataba ni ule ule, tangazo ni lile lile, na wote wawili wameambiwa ukweli. Ndiyo maana simwelewi mtu anayeuliza kampuni ipi ni nafuu kabla hajasema anatumia uniti ngapi, na namsikitikia zaidi mwenye nyumba ndogo, maana ada ya kudumu humwelemea kuliko mwenye matumizi makubwa.

Baada ya hesabu hiyo ndipo huja swali la namna bei inavyokwenda. Ipo bei isiyobadilika kwa kipindi cha mkataba, ambayo hununua utulivu na mara nyingi huambatana na faini kwa anayetoka mapema. Ipo bei ambayo muuzaji anaweza kuibadilisha kwa kutoa taarifa. Ipo pia bei inayofuata saa kwa saa soko la jumla, ambako wauzaji hununua umeme kwa wazalishaji, na juu ya hiyo natoa tahadhari kwa moyo wote. Februari 2021, dhoruba ya baridi kali ilipoangusha mitambo mingi ya umeme huko Texas, bei ya jumla ilipanda mamia ya mara kuliko kawaida hadi kikomo cha juu kilichoruhusiwa, ikakaa hapo kwa siku kadhaa. Familia zilizokuwa na mikataba ya kulipa bei hiyo moja kwa moja zilipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache, wakati majirani wenye bei isiyobadilika hawakupandishiwa uniti zao hata kidogo. Mkataba wa namna hiyo unaweza kumfaa mwenye betri nyumbani, au anayeweza kweli kuzima kila kitu kizito kwa siku tatu. Familia yenye mgonjwa au mtoto mchanga haiwezi.

Uimara wa muuzaji nao uangaliwe. Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2021, bei ya gesi inayotumika kuzalisha umeme ilipopaa, zaidi ya kampuni 20 za kuuza nishati zilifilisika nchini Uingereza, nyingi zikiwa zimeahidi bei za chini bila kununua umeme wa kutosha mapema. Wateja wao hawakubaki gizani, kwa sababu mdhibiti, Ofgem, aliwahamishia kwa wauzaji wengine, lakini bei nafuu walizoahidiwa zilikufa pamoja na kampuni hizo. Pasipo na utaratibu wa kuwalinda wateja, nisingeacha salio kubwa la malipo ya mbele kwa muuzaji yeyote.

Najua wasomaji wengi wanaishi mahali penye kampuni moja tu, nao watasema kwamba swali hili haliwahusu. Linawahusu. Kampuni moja huweza kuwa na madaraja kadhaa ya bei, na mteja huweza kuwa amewekwa katika daraja lisilo lake kwa miaka bila kuuliza. Mahali pengi bei hupanda kwa ngazi kadiri matumizi yanavyoongezeka, na hapo thamani ya kuokoa ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: anayeshuka kutoka uniti 160 hadi 130 anaziondoa zile uniti 30 za juu, ambazo ndizo ghali kuliko zote. Mahali penye bei ya mchana na bei ya usiku, kufua na kuchemsha maji ya tangi kunaweza kusogezwa hadi saa za nafuu, lakini kwanza hakikisha kwamba bei ya mchana haijapandishwa kiasi cha kuimeza faida hiyo.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe, ambako niliokoa zaidi kuliko kwa kuhama kampuni. Mita nyingi za kielektroniki zina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na kando yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Yangu imeandikwa 1,000. Usiku mmoja, watu wote wakiwa wamelala na taa zimezimwa, nilisimama mbele ya mita na saa mkononi nikahesabu. Taa ilipepesa kila baada ya sekunde 36, haikupumzika, na hesabu yake ni nyepesi: kila mpepeso ni wati-saa moja, na wati-saa moja kwa sekunde 36 ni wati 100. Nyumba iliyolala ilikuwa inakula wati 100 mfululizo, ambazo ni uniti 2.4 kwa siku na uniti 72 kwa mwezi wa siku 30.

Nilizima swichi moja moja kwenye ubao wa umeme hadi taa ile ikatulia. Ilikuwa swichi ya stoo, palipo na friza kuukuu. Nilibana kipande cha karatasi kwenye mlango wake nikakivuta. Kikatoka bila kukwama, na nilipopitisha kidole kwenye mpira wa mlango nikakuta umepasuka kwenye kona ya chini na umejaa barafu kama pamba. Hewa yenye joto ilikuwa ikiingia usiku na mchana, na kompresa haikupata nafasi ya kuzima. Nilibadilisha mpira, nikayeyusha barafu, nikafuta vumbi kwenye mirija ya nyuma, nikaisogeza friza kutoka ukutani ipate kupumua. Niliporudi kwenye mita usiku uliofuata, ilinibidi nisubiri dakika kadhaa kabla ya kuona mpepeso mmoja. Hakuna mkataba uliowahi kunipa nafuu iliyofikia ile ya kipande kile cha mpira.

Kwa mengine yote, fuata joto. Vifaa vinavyopasha au kupoza ndivyo vinavyoandika bili, na vinavyotoa mwanga au sauti huongeza kidogo sana. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutaka uniti 4.65 hata kwa mtambo usiopoteza chochote, kwa kuwa hiyo ni kanuni ya maji yenyewe. Kiasi hicho kingewasha balbu ya LED ya wati 9 kwa saa tano kila jioni kwa zaidi ya siku 100. Kwa uniti moja simu ya kawaida huchajiwa mara 50 hivi. Naona uchungu kuona watoto wakigombezwa kwa sababu ya chaja iliyoachwa ukutani katika nyumba ambayo tangi la maji halijafungwa blanketi la kuzuia joto na kidhibiti chake kimeachwa kwenye nyuzi 75. Kiteremshwe hadi 60, si chini ya hapo, maana maji ya vuguvugu yanayokaa kwenye tangi hustawisha bakteria. Mashine ya kufulia hutumia sehemu kubwa ya umeme wake kupasha maji, basi nguo zisizo chafu sana zifuliwe kwa maji baridi. Na feni humpoza mtu kwa kupitisha hewa mwilini mwake. Chumba chenyewe haikipunguzii joto, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kikiwa kitupu hakuna maana yoyote.

Lipo jambo moja la mwisho linalonikera, nalo ni vile visanduku vya kuchomeka kwenye soketi vinavyouzwa kwa madai ya kukata bili kwa nusu. Ndani yake kwa kawaida mna kapasita, yaani kifaa kidogo kinachohifadhi chaji ya umeme kwa muda mfupi, na taa ya kijani. Mita za majumbani kwa kawaida hutoza nishati halisi, si ile nguvu inayokwenda na kurudi kwenye waya ambayo kapasita huirekebisha, kwa hiyo hakuna cha kupunguza. Kinachotokea ni taa hiyo ya kijani kuongeza matumizi kidogo. Anayetaka kifaa cha kuchomeka anunue kipima umeme, akichomeke kati ya soketi na friji kwa siku mbili, asome.

Mkataba wangu wa sasa unaisha baada ya majuma 11. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la mita, na pembeni yake nimeandika wastani mpya wa mwezi, uniti 118. Kwa tarakimu hiyo mkataba wenye ada kubwa na uniti za bei rahisi haunifai tena, ingawa ulinifaa wakati friza ilipokuwa mbovu.